Watoto wasome ukurasa mzima, si aya peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo moja la usomaji wa watoto wa darasa la tatu na la nne. Katika shule nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini, mtoto akifika darasa la tatu kusoma anajua. Mpe aya, ataishusha yote bila kukwama. Lakini mwambie afungue mahali kitabu cha Sayansi kinapoeleza magonjwa ya mimea, ataanza kupekua karatasi moja moja kuanzia jalada. Mwulize picha ya juu ya ukurasa ni ya nini, atakisia, ilhali jibu limeandikwa kwa mstari mmoja chini ya picha hiyo hiyo. Jedwali analiruka. Mchoro anautazama kama ua lililowekwa kupendezesha karatasi.

Mtoto hana kosa. Miaka miwili ya mwanzo amelelewa na hadithi za sungura na fisi, na hadithi husomwa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Picha ya hadithi ukiiruka hupungukiwi na kitu. Kitabu cha maarifa hakiendi hivyo. Sehemu kubwa ya habari zake imo nje ya aya: kwenye vichwa vidogo, maelezo ya picha, maneno yaliyokolezwa wino, michoro yenye majina, majedwali, ramani, yaliyomo mwanzoni na faharasa mwishoni. Hakuna anayezaliwa anajua kuvisoma hivi. Lazima afundishwe, na hapo ndipo sisi walimu tunapoteleza.

Namna tunavyoteleza inajulikana. Mwalimu anaandika ubaoni: "Yaliyomo ni orodha ya mada zilizomo kitabuni. Jedwali ni mpangilio wa taarifa katika safu." Watoto wananakili, wanakariri, wiki ijayo wanapata nane kati ya kumi, na kitabu hakikufunguliwa hata mara moja. Fasili wanayo, matumizi hawana. Tunachosema ni kwamba mambo haya hufundishika kwa mazungumzo, kitabu kikiwa wazi mbele ya mtoto, na swali likiwa lile lile kwa kila kiungo cha ukurasa: hiki kimetuambia nini ambacho aya haikusema?

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Mwalimu ana ukurasa unaohusu kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe. Juu kuna picha: kitu kirefu cheusi kimelala, na mtu amesimama kando yake. Kabla ya lolote, maelezo yaliyo chini ya picha yazibwe kwa kipande cha karatasi. Kwa dakika 5 watoto watazame tu na kusemezana wawili wawili: unaona nini? Majibu yatakuja ya kila namna. Gogo lililoungua, tembo aliyelala, mwamba, gari bovu. Mwalimu asisahihishe, ayaandike yote ubaoni, maana makisio hayo ndiyo mtaji wa somo. Kisha karatasi iondolewe, mtoto mmoja asome maelezo kwa sauti: kimondo cha chuma, urefu wake kama mita 3. Ndipo liulizwe swali: maelezo yametuambia nini ambacho macho yetu hayakukiona? Watasema jina, watasema chuma, watasema kumbe kilitoka angani. Sasa swali ligeuzwe: na picha imetuambia nini ambacho maelezo hayakukisema? Hapa darasa hunyamaza kidogo. Baadaye mmoja atamwona yule mtu aliyesimama kando, na kwa kulinganisha kimo chake na kile kitu, darasa zima litauona ukubwa ambao namba peke yake haikuuonyesha.

Darasa la nne linaweza kusogezwa mbele zaidi. Uzito wa kimondo hicho umeandikwa tani 12 mahali pengine na tani 16 pengine. Namba zote mbili ziandikwe ubaoni, darasa liulizwe: mbona vitabu havikubaliani? Watoto wa mkulima hawachelewi kujibu kwamba mzigo kama ule hauwekwi kwenye mizani ya mahindi, kwa hiyo unakadiriwa. Mtoto wa miaka kumi aliyelijua hilo hatalisahau, na kila atakapoona neno "takriban" mbele ya namba atalisoma badala ya kuliruka.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha kiungo kimoja cha ukurasa, hakitoshi viwili. Dakika 5 za kutazama, 10 za kufunua na kujadili maswali yale mawili, 15 za makundi kutafuta kiungo hicho hicho katika kurasa nyingine za kitabu, na 10 za mwisho kila mtoto aandike chake: achore picha ndogo, aiandikie maelezo ya mstari mmoja, ampe jirani asome na kuuliza. Hizo dakika 10 ndizo wengi tunazikata kengele ikikaribia, nazo ndizo zinazoonyesha nani ameelewa. Mtoto aliyeandika "hii ni picha ya ng'ombe" chini ya ng'ombe wake bado hajaelewa kazi ya maelezo ya picha. Aliyeandika "ng'ombe wa maziwa akinyweshwa maji kabla ya kukamuliwa" ameelewa.

Tatizo kubwa la mazungumzo katika darasa la watoto 70 ni kwamba yanakuwa mazungumzo ya mwalimu na watoto watano wanaokaa mbele. Dawa yake ni kuanza na wawili wawili kila mara, hata kama ni kwa dakika moja, ili kila mdomo uwe umefunguka kabla mwalimu hajauliza darasa zima. Kitabu kimoja kikitumiwa na watoto watatu, wasemezane watatu. Wakizidi sita, wawili watabaki watazamaji. Halafu mwalimu asubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili miaka ya 1970 na kukuta kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hujibu wenyewe au kumtaja mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 mbele ya darasa kimya ni ndefu. Hesabu kimoyomoyo.

Kuna tabia nyingine mbili zinazoua mjadala. Ya kwanza ni "Mmeelewa?" na "Ndiyoooo, mwalimu!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Ya pili ni mwalimu kurudia kwa sauti kila jibu la mtoto. Watoto hujifunza upesi kwamba hakuna haja ya kumsikiliza mwenzao, mwalimu atalisema upya. Afadhali amwombe mwingine: "Amesema nini mwenzako? Unakubali? Tuonyeshe kwa kidole ulipoona." Kauli za kuanzia ziandikwe kwenye manila na kubandikwa ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la nyuma: "Nimeona kwenye…", "Namwongezea mwenzangu…", "Sikubaliani, kwa sababu ukurasa unasema…". Hii ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa inampa mtoto adabu ya kupinga akiwa na ushahidi. Na mahali ambapo watoto wanatoka nyumbani na Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, wakinong'onezana kwa lugha ya nyumbani wanapotafuta jina la kitu, wasikatizwe. Wakishakubaliana ni kitu gani, Kiswahili chake huja kwa urahisi.

Mpangilio wa kufundisha una maana. Maelezo ya picha yaanze, kwa sababu mtoto anaona faida papo hapo. Vifuate vichwa vidogo: mwalimu asome kichwa peke yake, "Jinsi ya kuhifadhi viazi", watoto waseme aya itajibu maswali gani, ndipo aya isomwe, na wahesabu ni maswali mangapi yamejibiwa. Baada ya hapo maneno yaliyokolezwa wino pamoja na orodha ya maana zake, kisha yaliyomo, kisha faharasa. Michoro, majedwali na ramani zije mwisho. Kiungo kimoja kwa wiki kinatosha, na kwa kasi hiyo vyote vinamalizika ndani ya muhula mmoja, nafasi ya kurudia ikiwepo.

Faharasa inahitaji maneno zaidi, maana Kiswahili chenyewe kinaiwekea mtego. Kwanza, jina lenyewe linatumika kwa vitu viwili: vitabu vingine vinaita faharasa ile orodha ya maneno magumu na maana zake, vingine vinaita hivyo orodha ya mada na namba za kurasa. Mwalimu akifungue kitabu alichonacho, aone kinatumiaje, asibishane nacho. Pili, na hili ndilo linalowakwamisha watoto wengi, majina yetu hubadilika mwanzoni. Mtoto anatafuta "vimondo" kwenye V, hakioni, anafunga kitabu na kusema hakimo. Kimeandikwa "kimondo", kwenye K. Anatafuta "majani", limewekwa "jani". Kwenye vitenzi ni zaidi: katika aya neno lililokolezwa ni "linayeyuka", mwishoni limewekwa "yeyuka", na mtoto hana namna ya kujua kwamba L imeondoka na neno limehamia kwenye Y. Mtoto anayesoma Kiingereza hapati shida ya namna hii kwa kiasi hicho, ndiyo maana mbinu za kufundishia zilizoandikwa kwa Kiingereza hazilitaji. Zoezi lake ni rahisi: maneno kumi ubaoni katika wingi au yakiwa na viambishi, wawili wawili wajadili kila moja litafutwe kwenye herufi gani, na waseme kwa nini. Tofauti ya yaliyomo na faharasa nayo isihubiriwe. Wapewe vyote viwili waulizane kila kimoja kimepangwa kwa utaratibu gani. Watagundua kwamba kimoja kinafuata kurasa na kingine kinafuata alfabeti, na wataona wenyewe ni lini kila kimoja kinafaa.

Michoro ina kosa lake moja linalojirudia. Mtoto husoma jina na kulipachika kwenye kitu kilicho karibu nalo, haufuati mstari. Mchoro wa mmea wa mhindi ni mzuri kwa somo hili, kwa kuwa kila mtoto wa huku ameuona shambani: mbelewele juu kabisa, ndevu kwenye ncha ya gunzi, jani, shina, mizizi. Kidole kianzie kwenye neno, kitembee juu ya mstari, kisimame mstari unapoishia. Kisha watoto wachore wao wenyewe, wabadilishane madaftari, kila mmoja akague kama mistari ya mwenzake inagusa sehemu inayotajwa au inaishia hewani. Mingi itaishia hewani, na ubishi utakaofuata ndilo somo.

Jedwali mtoto hulisoma kama sentensi, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, mpaka achoke. Afundishwe vidole viwili: kimoja kitoke kushoto kwenye safu mlalo, kingine kishuke kutoka juu kwenye safu wima, vikutane. Jedwali bora la kuanzia ni msimamo wa ligi unaochapishwa na gazeti hili. Watoto tayari wanajua nani anaongoza. Wanachojifunza ni kwamba namba ile imewekwa mahali maalumu. Swali la mjadala: timu mbili zina pointi sawa, kwa nini moja imewekwa juu ya nyingine? Kulijibu lazima wasome safu ya mabao, nao wataisoma bila kusukumwa.

Ramani zina tatizo la fotokopi. Ufunguo unaosema buluu ni maji na kijani ni msitu ukitolewa fotokopi ya kawaida unakuwa kijivu chote, na mtoto hawezi kutofautisha Ziwa Nyasa na msitu wa Rungwe. Mwalimu apake rangi kwa mkono nakala moja kwa kila kundi, au abadilishe rangi ziwe mistari na nukta kabla ya kutoa nakala. Kipimio kijadiliwe kwa uzi: kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500 ardhini, kwa hiyo uzi wa sentimita 6 ni kilometa 3. Watoto waambiane ni mwendo wa kutoka wapi mpaka wapi hapo kijijini kwao.

Kuhusu vifaa, tusisingizie uhaba wa vitabu. Paketi ya majani ya chai ina kichwa, mchoro, uzito na maelekezo ya matumizi yenye namba. Kalenda ni jedwali. Mfuko wa sukari, tiketi ya basi, tangazo la mnada wa ng'ombe, vyote vinafaa. Ila tunaonya kwa uzito wote: makopo na chupa za dawa za viazi na nyanya yasiingie darasani hata yakiwa yameoshwa, wala paketi za mbegu zilizotiwa dawa. Watoto huzishika kisha hula maandazi kwa mikono hiyo hiyo. Kama mwalimu anataka wajifunze kusoma lebo za dawa, na ni vyema wajifunze kwa sababu wazazi wao wanapulizia viazi kila msimu, aichore lebo kwenye manila.

Shule zinazotumia vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa simu ya mwalimu ziangalie jambo moja. Ukurasa wa 20 unaoonyeshwa na simu kwa kawaida si ukurasa wa 20 wa kitabu, kwa kuwa simu huhesabu jalada na zile kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi. Mtoto aliyefundishwa yaliyomo kwa bidii anafungua kwenye simu, anakuta mada nyingine, anaona somo zima ni uongo. Aambiwe mapema aangalie namba iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe. Pia miezi ya Juni na Julai, ukungu ukitanda asubuhi na madarasa yakiwa na giza, herufi ndogo za maelezo ya picha hazionekani vizuri. Kipindi hiki kiwekwe baada ya mapumziko, si saa mbili asubuhi.

Kupima hakuhitaji mtihani wa karatasi. Mwalimu achukue kitabu ambacho watoto hawajakisoma, aite watoto watano kwa siku, kila mmoja kwa dakika moja: "Nitafutie kitabu hiki kinasema nini kuhusu mbu. Niambie kwa nini umefungua hapo." Asiangalie tu kama amepata, asikilize sababu. Mmoja atasema "nimebahatisha", mwingine atasema "nimeangalia M, nikaona ukurasa wa 34". Kwa watoto 70 kazi hiyo inaisha kwa siku 14 za masomo, na mwalimu anakuwa na picha ya kila mtoto ambayo alama za darasani hazimpi. Tungependa wathibiti ubora wa shule nao wanapotembelea madarasa waulize swali hilo kwa mtoto yeyote, badala ya kuhesabu kurasa za daftari zilizojaa fasili.

Kwa wazazi tuna ombi dogo. Mtoto akiwa na kitabu nyumbani, usimwambie tu "soma kwa sauti nisikie". Ziba maelezo ya picha kwa kiganja, mwulize anaona nini, kisha mwache asome. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo.

Na kwako Mhariri, tuna mawili. Picha za gazeti lako ziwe daima na maelezo yanayotaja nani, wapi na lini. Zipo zinazosema "wananchi wakiwa katika shughuli zao", na hizo watoto wetu wanazikosoa, kwa haki. La pili ni nakala ambazo hurudi kwa mawakala bila kuuzwa. Mtaani zinafungia maandazi na samaki. Nakala 20 za siku moja, zote za toleo lile lile, zinatosha darasa la watoto 60 wakikaa watatu watatu, na toleo la juzi linafaa sawa na la leo. Ofisi za elimu za kata zinaweza kuzipokea na kuzigawa. Tunaomba uanze na mawakala wa Mbeya na Iringa.

Walimu wa darasa la tatu na la nne,
Mbeya na Iringa